Ufundi wa Karatasi na Lugha ya Kuufundishia: Kutoka Makumbi ya Chokocho hadi Mitambo ya Mgololo

Karatasi ni kitu walichokijua watu wa mwambao kwa karne nyingi. Hapana chuo, duka, mahakama wala ofisi isiyoitumia. Walakini kukijua kitu kwa kukitumia ni jambo moja, na kukijua kwa kukitengeneza ni jambo jingine, na lugha huonyesha tofauti hiyo bila kuficha. Kiswahili kina utajiri wa maneno ya mtu anayeandika, lakini kina uchache wa maneno ya mtu anayetengeneza kile kinachoandikiwa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ufundi wa karatasi unavyofundishwa na unavyoweza kufundishwa kwa Kiswahili. Mifano yake imechukuliwa katika kazi za kijiji kimoja cha pwani, Chokocho, katika Wilaya ya Mkoani, kusini mwa kisiwa cha Pemba. Chokocho haina kiwanda cha karatasi, wala haikutajwa hapa kwa kuwa inakitaka. Imetajwa kwa sababu kazi zinazofanywa na watu wa pwani ya namna hiyo zina ndani yake sehemu kubwa ya elimu ambayo mwanafunzi wa karatasi hutakiwa kuanza nayo.

I. Maneno ya mtumiaji

Neno karatasi limetoka katika Kiarabu, qirtas, nalo Waarabu walilipata kutoka kwa Wayunani. Kalamu ina safari kama hiyo hiyo. Daftari nalo limepitia Kiarabu, na asili yake ya Kiyunani ni ngozi ya mnyama, kwa kuwa watu waliandika juu ya ngozi kabla ya kuenea kwa karatasi. Waraka kwa asili yake ya Kiarabu ni jani. Ukurasa unatokana na neno la Kiarabu la fungu la karatasi zilizokunjwa pamoja. Hata rimu, ambalo Kiswahili kimelichukua kwa Kiingereza kwa maana ya bunda la karatasi mia tano, mizizi yake imo katika neno la Kiarabu rizma, yaani mtumba au furushi. Neno hilo lilipita Hispania na Ufaransa, likafika Uingereza, kisha likarudi katika bahari ambamo biashara ya Waarabu ilikuwako tangu zamani.

Mtazame mtunzi wa Pate aliyeandika Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ni ya mwaka 1728. Alikuwa na jina la karatasi, la wino, la kalamu na la chuo. Maneno yote ya meza yake yalikuwa tayari. Lakini karatasi yenyewe ililetwa na vyombo vya baharini, imekwisha kutengenezwa, na pamoja nayo halikuja hata neno moja la karakana ilikotoka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mataifa mengi. Inasimuliwa kwamba Cai Lun alipeleka habari za ufundi huu kwa mfalme wa China mwaka 105. Ufundi ulifika Samarkand katika karne ya 8, ukaenda Baghdad, na baadaye sana ukaingia Ulaya. Kila ulipofika, mafundi walitwaa maneno ya kazi walizozijua kwanza, za nguo, za kinu na za ungo, wakayapa maana mpya. Hawakungoja maneno yashuke kutoka juu.

Jambo hilo ndilo la kuangaliwa. Istilahi za ufundi hukaa vizuri zinapopandwa juu ya kazi ambayo watu wanaifanya. Basi yafaa kuuliza: watu wa pwani wanafanya kazi gani iliyo karibu na karatasi?

II. Makumbi, usumba na ukili

Chokocho inatazamana na Kisiwa Panza, na wavukao kwenda huko hupanda vyombo hapo. Kama vijiji vingine vya pwani ya Pemba, maisha yake yamefungamana na bahari, mikoko na minazi. Katika mnazi hapana kinachotupwa. Nazi ikishafuliwa kwa kifuo, kumbi hubaki, na kumbi hilo ni mali.

Katika pwani za Unguja na Pemba makumbi hufukiwa katika matope au mchanga mahali panapofikwa na maji ya bahari, yakaachwa huko miezi kadhaa. Kazi hii kwa kawaida ni ya wanawake. Wakati wake ukifika, makumbi hufukuliwa, hupondwa kwa gongo hata nyama yake ikaachana na nyuzi, huoshwa, huanikwa na huchambuliwa. Kinachobaki ni usumba, nao husokotwa kamba. Aijuaye kazi hii hujua mambo ambayo hakufundishwa kwa kitabu. Hujua kwamba kumbi lililofukuliwa mapema halipondeki, na lililochelewa hutoa nyuzi dhaifu. Hujua kwa kidole lini nyuzi zimesafika. Hujua kwamba maji yana kazi yake, muda una kazi yake, na gongo lina kazi yake, wala kimojawapo hakiwezi kushika mahali pa kingine.

Mtu wa elimu ya mimea akiulizwa atasema hivi: vijidudu vya matopeni hula gundi laini iliyozishikamanisha nyuzi, na gongo humaliza kuzitenganisha. Maneno yake ni mapya, lakini jambo alilolisema mwenye makumbi alilijua tangu zamani.

Kazi ya pili ni ya ukili. Majani hukatwa, huanikwa, hupasuliwa nyembamba, na pengine huchovywa rangi. Kisha husukwa ukili, na ukili hushonwa mkeka. Kazi ya tatu ni ya jikoni: nazi iliyokunwa hutiwa maji, hukamuliwa katika kifumbu, tui likapita na machicha yakabaki. Kazi ya nne ni ya kuchoma chokaa kwa mawe ya matumbawe, ambayo pwani nzima iliijua, na nyumba za mawe na misikiti ya zamani ni ushahidi wake.

Kazi hizi nne zitarejewa hapa chini, kwa kuwa kila moja ina mwenzake ndani ya kiwanda.

III. Karatasi inavyotengenezwa

Mti umejengwa kwa nyuzi ndogo sana, ambazo wataalamu wa Kiswahili wameziita fumwele. Katika miti jamii ya misonobari ufumwele mmoja una urefu wa milimita 3 hivi, na katika mikaratusi hukaribia milimita 1. Hapa yafaa kuonya kidogo: mkaratusi hautokani na karatasi, ingawa sikio hudhani hivyo, na ingawa mti wenyewe kweli hutumika kwa kazi hiyo. Jina lake ni la kigeni, yukalipto, lililogeuzwa na ndimi za wasemaji.

Ukuta wa ufumwele ni wa selulosi, na kinachozifunga fumwele pamoja, zikawa mti mgumu, ni lignini. Katika mbao nyingi selulosi hupata kiasi cha sehemu 40 hadi 45 kwa mia, na lignini sehemu 20 hadi 30. Kazi yote ya kiwanda cha karatasi nyeupe au ya mifuko migumu ni kuiondoa lignini bila kuiharibu selulosi.

Magogo humenywa magome, kisha hukatwakatwa vibanzi. Vibanzi huingizwa katika chungu kikubwa cha chuma kilichofungwa, vikapikwa pamoja na kostiki na salfaidi ya sodiamu kwa moto wa nyuzi 170 hivi za selsiasi. Njia hii ilivumbuliwa na Mjerumani Carl Dahl mnamo mwaka 1879, na hata leo ndiyo inayotumika zaidi duniani. Chungu kinapofunguliwa, karibu nusu ya uzito wa mti imekwenda katika maji meusi, na nusu iliyobaki ni fumwele laini, rangi ya kahawia.

Maji meusi hayamwagwi. Hukaushwa hata yakawa mazito, kisha huchomwa katika tanuri. Lignini huwaka na kutoa mvuke wa kuendeshea kiwanda, na dawa hushuka chini ya tanuri kama uji wa moto. Dawa hiyo huyeyushwa katika maji, hutiwa chokaa, ikarudi kuwa kostiki. Chokaa iliyotumika hugeuka tope jeupe, na tope hilo huchomwa tena likawa chokaa mpya. Mtoto wa pwani aliyepata kuona tanuri la matumbawe ameiona hatua hii ya mwisho. Jiwe ni lile lile, moto ni ule ule, na hewa inayotoka ndani ya jiwe ni ile ile. Tofauti ni kwamba kiwandani jiwe halikuchimbwa baharini, bali linazunguka ndani ya mtambo bila kukoma.

Fumwele huoshwa, na zikitakiwa nyeupe hung'arishwa kwa dawa. Kisha huponywa, yaani husagwa kati ya sahani za chuma zenye meno ndani ya maji mengi, ili ngozi yake ichanikechanike na kuota vinyweleo. Hatua hii hudhaniwa kuwa ni sawa na kuponda makumbi, nayo siyo sawa. Gongo la makumbi hutenganisha. Sahani za kiwanda huandaa fumwele zilizokwisha tengana ili zishikane tena.

Mwisho, fumwele huchanganywa na maji hata katika kila sehemu mia za mchanganyiko fumwele hazifiki sehemu 1. Mchanganyiko huo humwagwa juu ya wavu unaokwenda mbio. Maji hupita, fumwele hubaki, kama tui na machicha katika kifumbu. Utando huo mbichi hukamuliwa kati ya magurudumu, hupitishwa juu ya mapipa yaliyotiwa mvuke, hukauka, hulainishwa na kuviringwa. Mtambo wa kwanza wa namna hii uliandikiwa hataza na Mfaransa Louis-Nicolas Robert mwaka 1799. Kabla yake kila karatasi ilitolewa majini moja moja kwa mkono wa fundi na ungo wake.

Hapa ndipo mfano wa ukili unapokuwa na faida kwa kutofautiana. Mkeka husukwa, kila jani lina njia yake, juu na chini. Karatasi haisukwi wala haifumwi. Fumwele zake hulala ovyo, na hushikana zenyewe kwa zenyewe maji yanapoondoka, bila gundi. Mwanafunzi anayekwisha kuelewa kwa nini mkeka uliolowa hausambaratiki na karatasi iliyolowa husambaratika, ameshika kiini cha elimu yote ya karatasi: maji ndiyo yanayoijenga, na maji ndiyo yanayoibomoa.

Mipaka ya mifano hii haina budi kutajwa. Matope ya pwani huondoa gundi laini tu. Lignini ya kumbi hubaki, nayo ni nyingi kuliko ya mbao. Ndiyo sababu usumba ni mgumu, haukunjiki kwa urahisi, hauozi upesi na wafaa kwa kamba za vyombo. Kwa sababu iyo hiyo haufai kwa karatasi nzuri. Mwalimu asiyetaja mpaka huo atawatuma wanafunzi wake kupika makumbi kwa tamaa ya daftari, nao watatoka na huzuni.

IV. Webuye na Mgololo

Katika Afrika Mashariki viwanda viwili vikubwa vilijengwa ili kutengeneza karatasi tangu mti hata rimu. Cha kwanza ni Pan African Paper Mills cha Webuye, magharibi mwa Kenya, kando ya Mto Nzoia. Kilianzishwa kwa ushirika wa Serikali ya Kenya na wenye viwanda wa India, na kilianza kutoa karatasi katika miaka ya 1970. Cha pili ni Southern Paper Mills cha Mgololo, katika Wilaya ya Mufindi, Tanzania. Hiki kilijengwa kwa fedha za mkopo na misaada ya Benki ya Dunia na nchi kadhaa, miongoni mwao Sweden, kikaanza kazi mwaka 1985. Uwezo wake ulikuwa tani 60,000 kwa mwaka, na miti yake ilitoka katika msitu wa kupandwa wa Sao Hill, ulio mkubwa kuliko yote ya namna hiyo nchini.

Viwanda vyote viwili vilipatwa na taabu. Mgololo ulisimama katika miaka ya 1990, na mwaka 2004 uliuzwa kwa kampuni ya Rai ya Kenya, ukaanza tena. Webuye ulifungwa mwaka 2009, na mwaka 2016 ukaingia mikononi mwa kampuni iyo hiyo. Sababu za kusimama kwa viwanda zilikuwa nyingi, za madeni, bei, umeme na soko, wala si kazi ya makala haya kuzipima. Linalohusu hapa ni jambo moja lililofuata: mtambo ukisimama miaka kadhaa, chuma kinaweza kupakwa mafuta kikangoja, lakini fundi hangoji. Huenda akalime, akafanye kazi nyingine mjini, au akazeeke. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Ni kweli kwa mtu mmoja mmoja. Lakini ujuzi wa kiwanda, ulio katika vichwa vya watu mia wanaofanya kazi pamoja, hufa upesi usipoandikwa.

Na ukiandikwa, uandikwe kwa lugha gani? Mitambo ya viwanda vya namna hii huja na vitabu vyake vya maelekezo kwa Kiingereza au lugha nyingine za Ulaya. Kazi hufanywa kwa zamu usiku na mchana, na mabishano, maonyo na maelekezo ya kupokezana zamu husemwa kwa lugha ya wafanyakazi. Basi kuna elimu mbili katika jengo moja: ya kitabu, ambayo wachache huisoma, na ya mdomo, ambayo wote huisikia lakini haiandikwi. Mtu wa zamu ya usiku aliyejua kwa harufu na rangi kwamba chungu kimeiva, akiondoka, huondoka na elimu yake.

V. Lugha na usalama

Yaweza kusemwa kwamba suala la istilahi ni la wenye kamusi, na kwamba fundi atajifunza tu hata kama maneno ni ya kigeni. Hoja hiyo ina ukweli katika mambo ya kawaida. Kijana hujifunza spana, bolti na mota bila taabu, na Kiswahili hakipungukiwi na kitu. Lakini katika kazi hii kuna mahali ambapo neno lisiloeleweka huua.

Kostiki huunguza ngozi na kupofusha macho. Uji wa moto wa tanuri la maji meusi ukiguswa na maji hulipuka, na mlipuko wake umewahi kubomoa matanuri katika nchi mbalimbali. Tena iko gesi ya salfidi ya haidrojeni. Ikiwa kidogo hunuka kama yai viza, na kila mtu hukimbia. Ikiwa nyingi huua nguvu ya pua, harufu ikapotea, na mtu akadhani kwamba hatari imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imefika. Habari hii haiwezi kutolewa kwa neno moja la hatari juu ya mlango. Inahitaji sentensi, na sentensi inahitaji lugha ambayo msikiaji anaifahamu tangu ndani. Mfanyakazi aliyekariri jina la gesi hiyo kwa Kiingereza bila kufahamu kwamba kutoweka kwa harufu ni dalili mbaya, hakufundishwa.

Kwa hiyo uteuzi wa istilahi za ufundi huu una uzito. Litazamwe neno la zile fumwele zilizokwisha pikwa, kabla hazijawa karatasi. Maneno matatu yaweza kushindania nafasi hiyo. La kwanza ni rojo. Linaeleza uzito wake vema, lakini rojo la mchuzi ni kitu kilichokwisha, nacho huliwa. Halionyeshi kwamba kazi bado. La pili ni uji. Hili latumika kwa wepesi na kila mtu analijua, lakini ndani ya kiwanda liko kitu jingine lenye umbo hilo, yaani ile dawa ya moto iliyo chini ya tanuri, na kuchanganya viwili hivyo ni hatari. La tatu ni palpu, la kutohoa. Halina picha yoyote kwa anayelisikia mara ya kwanza, lakini halichanganyiki na kitu kingine. Pengine lililo bora ni kuacha palpu liwe jina la bidhaa inayouzwa na kusafirishwa, na rojo liwe jina la mchanganyiko wake na maji ndani ya mtambo. Uji na uachwe jikoni.

Vitenzi vina thamani kuliko majina, na huko Kiswahili ni tajiri. Kumenya gome, kubanja, kupika, kuosha, kuchuja, kuponda, kutandaza, kukamua, kukausha, kulainisha, kuviringa: kazi nzima ya kiwanda imetajwa, wala hapana kitenzi hata kimoja kilichokopwa Ulaya. Kitenzi kimoja tu cha kuepukwa ni kufuma, kwa sababu iliyokwisha elezwa. Kamusi nyingi za istilahi zimepangwa kwa majina, na vitenzi vimewekwa pembeni kama watumishi. Mwalimu wa ufundi hufundisha kwa vitenzi.

Kazi hii si ngeni kwa taasisi za lugha. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1930, na urithi wake ukaingia katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo tangu mwaka 1970 ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. W. H. Whiteley alitoa mwaka 1958 kitabu chake juu ya lahaja na mashairi ya Pemba, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa kamusi ya Kipemba mwaka 2012. Mashairi ya kisiwa yamepata watunzaji wake. Maneno ya makumbi, ya kamba, ya chokaa na ya vyombo yanastahili bidii kama hiyo, kwa kuwa wenye kuyajua kwa kazi wanapungua kila kamba ya nailoni inaponunuliwa dukani.

VI. Amali

Tanzania Bara kwa miaka mingi ilisema mafunzo ya ufundi stadi. Zanzibar husema mafunzo ya amali. Neno amali ni la Kiarabu, na maana yake ni kutenda. Ni neno fupi, halimtengi fundi na msomi, na lina maana kwamba elimu isiyotendwa haijatimia. Sera ya elimu ya Bara katika toleo lake la mwaka 2023 nayo imelichukua, na sasa shule za sekondari zina mkondo wa amali. Ni mara chache neno la visiwani limevuka bahari kwa utulivu namna hiyo, na mafanikio yake yaonyesha kwamba istilahi nzuri haihitaji kulazimishwa.

Kijana wa Chokocho anayetaka ufundi ana njia karibu naye. Kengeja ina skuli ya ufundi ya sekondari, na Vitongoji kuna kituo cha mafunzo ya amali. Akiendelea, iko Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume huko Unguja. Katika njia zote hizo karatasi si somo lenye jina lake, wala haina haja ya kuwa nalo. Kiwanda cha karatasi ni mkusanyiko wa fundi wa mvuke, fundi umeme, fundi bomba, fundi wa vipimo na mtu wa maabara. Kwa mfano, kiwanda cha kukenekea mafuta ya makonyo ya karafuu kilichoko Wawi, karibu na Chake Chake, kinafundisha mvuke na joto kama kinavyofundisha kiwanda chochote. Aliyesoma mvuke kwa makonyo hana mengi ya kuogopa katika mvuke wa vibanzi.

Pemba yenyewe haifai kuwa na kiwanda kikubwa cha palpu. Kisiwa kina eneo la kilomita za mraba zisizotimia 1,000, na kila tani ya karatasi inadai makumi ya tani za maji na msitu usiokwisha. Mikoko ni ukuta wa pwani na malezi ya samaki; aiuzaye kwa karatasi ameuza nyumba ili anunue mlango. Kinachowezekana ni karakana ndogo ya kurudia karatasi kuukuu za skuli na ofisi. Hiyo haitaki chungu cha mvuke wala kostiki, kwa kuwa lignini ilikwisha ondolewa zamani na wengine. Yatosha pipa, kinu, ungo wa wavu, kitambaa, kikamulio na jua. Karatasi yake itakuwa nzito, ifaayo kwa majalada, bahasha na vifungashio. Faida yake kubwa ni ya elimu: mwanafunzi ataziona kwa macho yake hatua zote za mwisho za ufundi huu.

Utaratibu wa kufundisha wafuate njia iliyoelezwa. Kwanza mwanafunzi apelekwe pwani, kwa mwenye makumbi, ajifunze maji, muda na gongo, na maneno yake yaandikwe kama yanavyosemwa. Pili aingie karakanani, atengeneze karatasi moja kwa mkono, aikaushe, ailoweshe tena aone inavyosambaratika. Tatu afundishwe kwa Kiswahili selulosi, lignini na dawa, pamoja na mipaka ya kila mfano. Nne apewe majina ya Kiingereza, kwa kuwa vitabu vya mitambo vimeandikwa hivyo na kuyanyima ni kumfungia mlango wa Mgololo na wa ng'ambo. Katika skuli nyingi mpango huo umegeuzwa: majina ya kigeni huja kwanza, na pwani haifikwi kabisa.

Mpango huo uliogeuzwa una gharama. Mwanafunzi hukariri kwamba lignini huzifunga fumwele, akafaulu mtihani, na jioni akampita mama aliyeketi barazani akichambua usumba, asijue kwamba mbele yake mna jibu la swali lile lile. Naye mama hajui kwamba kazi ya mikono yake ina jina katika vitabu. Mwalimu wa Kiswahili wa ufundi ndiye anayeweza kuwakutanisha hao wawili, na kazi hiyo ianze wakati ambapo wote wawili bado wapo.